Habari za Mapato na Matumizi ni Ngao ya Kiongozi Mwaminifu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Novemba 27, 2024 wananchi wa Tanzania Bara walipiga kura kuwachagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji pamoja na wajumbe wa halmashauri za vijiji na kamati za mitaa. Nchi ina zaidi ya vijiji 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000. Hakuna ngazi nyingine ya uongozi yenye viongozi wengi kiasi hicho waliotokana na kura, wala iliyo karibu zaidi na mlango wa mwananchi. Viongozi hao walikabidhiwa dhamana ya miaka mitano. Kura hupigwa siku moja, lakini dhamana hutekelezwa kwa zaidi ya siku 1,800. Swali linalochambuliwa katika makala hii ni hili: katika siku hizo zote, mwananchi anajuaje kinachofanywa kwa jina lake na kwa fedha yake, na vyombo vya habari vina nafasi gani katika kumjulisha?

Majibu mawili husikika mara kwa mara, na yote mawili yana kasoro. La kwanza hutoka kwa baadhi ya watendaji wa umma wanaomwona mwandishi wa habari kama mtu aliyekuja kutafuta ubaya. Mwandishi akifika ofisi ya kata kuuliza gharama za zahanati inayojengwa, huelekezwa kwa Mkurugenzi. Akifika kwa Mkurugenzi, huambiwa msemaji yuko safarini. Jibu la pili hutoka kwa baadhi ya waandishi na wananchi wanaodhani kuwa uwajibikaji ni kumuumbua kiongozi hadharani, na kwamba habari isiyo na kashfa si habari.

Pande hizo mbili hazipatani, lakini zimekubaliana katika jambo moja bila kujua: kwamba habari ni silaha dhidi ya kiongozi. Ushahidi uliopo, wa hapa nchini na wa kwingineko, unaonyesha vinginevyo. Habari sahihi za mapato na matumizi humwanika mbadhirifu, na wakati huohuo humkinga kiongozi mwaminifu dhidi ya tuhuma asizostahili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika serikali za mitaa, daftari likiwapo bila kusomwa hadharani, aliyetunza mali na aliyeila huonekana sawa machoni pa watu.

Haki iliyokwisha kuandikwa

Ni vyema kuanza na sheria, kwa sababu wananchi wengi hudhani kuwa kuonyeshwa hesabu za kijiji ni hisani ya mtendaji. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua uhuru wa maoni na haki ya mwananchi ya kupewa taarifa kuhusu matukio na masuala muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Ibara ya 146 inaeleza kuwa madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara hizo zinapaswa kusomwa pamoja, kwa kuwa madaraka yasiyoambatana na taarifa hubaki kuwa jina tu.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa mamlaka ya juu katika masuala ya sera ya kijiji. Mkutano huo ndio wenye wajibu wa kuichagua halmashauri ya kijiji na kuwaondoa wajumbe wake. Wajumbe wa mkutano ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18, na unapaswa kukaa angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapotakiwa kusomwa. Katika ngazi ya juu, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inaitaka halmashauri itangaze hesabu zake zilizokaguliwa. Mikutano ya Baraza la Madiwani nayo huwa wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, isipokuwa baraza linapoamua kukaa kama kamati.

Mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Kwa sheria hiyo, raia anayeomba taarifa kwa maandishi anastahili kujibiwa ndani ya siku 30, na asiyeweza kuandika anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo likaandikwa na ofisa husika. Zipo taarifa zinazoweza kuzuiwa, kama vile zinazogusa usalama wa taifa, faragha ya mtu au uchunguzi unaoendelea. Anayenyimwa taarifa anaweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na asiporidhika akakata rufaa kwa Waziri. Gharama za kujenga choo cha shule si siri ya taifa, na orodha ya vikundi vilivyopata mkopo wa halmashauri haimo katika yale ambayo sheria ilikusudia kuyaficha.

Kwa hiyo tatizo si ukosefu wa sheria peke yake. Swali la msingi ni namna taarifa inavyosafiri kutoka katika jalada la ofisi hadi kwa mwananchi, na kinachotokea baada ya kumfikia.

Fundisho kutoka Uganda

Jirani zetu wa Uganda walipata fundisho ambalo limetajwa sana na wachambuzi wa utawala. Katika miaka ya 1990 Serikali Kuu ya nchi hiyo ilikuwa ikipeleka ruzuku kwa shule za msingi kwa kigezo cha idadi ya wanafunzi, na fedha hizo zilipitia wilayani. Mwaka 1996 ulifanyika ufuatiliaji uliohusisha shule 250. Ilibainika kuwa kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya fedha zilizostahili kuzifikia kwa matumizi yasiyo ya mishahara, na shule nyingi hazikupokea chochote. Sehemu kubwa ya fedha iliishia katika ngazi ya wilaya. Walimu wakuu wengi hawakujua hata kiasi walichotakiwa kupewa, na mtu hawezi kudai asichokijua.

Serikali ya Uganda ilianza kuchapisha magazetini kiasi cha fedha kilichopelekwa katika kila wilaya kila mwezi, na shule nazo zikatakiwa kubandika matangazo ya fedha zilizopokea. Ufuatiliaji uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipokea wastani wa zaidi ya asilimia 80 ya haki yao. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson, waliochambua takwimu hizo, waligundua kuwa shule zilizokuwa karibu zaidi na mahali pa kuuzia magazeti zilinufaika zaidi kuliko zilizokuwa mbali.

Wachambuzi wengine waliipitia habari hiyo kwa jicho la tahadhari, na hoja yao ina uzito. Walikumbusha kuwa katika kipindi hichohicho Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote na ikafanya mageuzi mengine katika usimamizi wa fedha za umma, hivyo gazeti peke yake lisipewe sifa yote. Hoja hiyo haiondoi thamani ya magazeti, bali inaonyesha mahali pake. Gazeti lilimpa mwalimu mkuu na mzazi kiasi wanachoweza kukilinganisha na kilichofika, huku mageuzi ya Serikali yakiwapa mahali pa kupeleka malalamiko yakasikilizwa. Kimoja bila kingine kingekwama njiani.

Redio ilipomsaidia meya

Mfano wa pili unatoka mbali, Brazili, lakini unagusa jambo ambalo ule wa Uganda haukuligusa, yaani kura. Mwaka 2003 Serikali ya Brazili ilianzisha utaratibu wa kukagua matumizi ya fedha za Serikali Kuu katika halmashauri zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Droo ilichezeshwa hadharani mbele ya waandishi wa habari, ili asiwepo wa kudai kuwa halmashauri yake imeandamwa kwa sababu za kisiasa. Wakaguzi walikwenda, wakapitia vitabu na kuona miradi, kisha ripoti zao zikatolewa kwa umma na kwa vyombo vya habari.

Oktoba 2004 ulifanyika uchaguzi wa mameya. Baadhi ya ripoti zilikuwa zimetoka kabla ya kura na nyingine zilitoka baadaye, kwa mpangilio ule wa bahati nasibu. Hali hiyo iliwapa watafiti Claudio Ferraz na Frederico Finan nafasi adimu ya kulinganisha. Walibaini kuwa mameya ambao ripoti zao zilionyesha ubadhirifu mkubwa zaidi walipungukiwa nafasi ya kuchaguliwa tena pale ripoti ilipotoka kabla ya kura, na upungufu huo ulikuwa mkubwa zaidi mahali palipokuwa na kituo cha redio cha eneo hilo.

Jambo linalopaswa kuwavutia viongozi wetu ni upande wa pili wa matokeo hayo. Katika maeneo yenye redio, meya ambaye ripoti yake haikuonyesha ubadhirifu aliongeza nafasi yake ya kurudi madarakani. Wapiga kura wake walikuwa wamezoea kusikia kwamba viongozi wote ni wezi, na walipopata uthibitisho kuwa wa kwao siye, walimlipa kwa kura. Redio ileile iliyomwangusha mbadhirifu ilimbeba mwaminifu. Kiongozi anayejua kuwa mikono yake ni safi, kisha akamzuia mwandishi kuiona hesabu, anajinyima shahidi wake mwenyewe.

Darasa la shilingi milioni 20

Hapa nchini tunao mfano unaoonyesha nguvu ya taarifa iliyo rahisi kulinganishwa. Oktoba 2021 Serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliogharimu shilingi trilioni 1.3. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda katika ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000, kati yake 12,000 vya shule za sekondari na 3,000 vya vituo shikizi. Gharama ilitangazwa waziwazi kuwa ni shilingi milioni 20 kwa chumba kimoja.

Takwimu hiyo moja ilifanya kazi ambayo ripoti ya kurasa 200 isingeweza kuifanya. Ilisomwa redioni, ikarudiwa katika mikutano ya hadhara na ikajulikana hadi kwa mzazi ambaye hakuwahi kuiona bajeti ya halmashauri. Aliyepita mbele ya shule yenye madarasa mawili mapya alijua kuwa anatazama shilingi milioni 40, na kwamba ana haki ya kuuliza kwa nini sakafu imepasuka au kwa nini madawati hayajafika. Mwalimu mkuu na kamati ya ujenzi waliomaliza kazi kwa kiwango kinachotakiwa nao walikuwa na la kuonyesha. Hii haina maana kwamba kila mradi ulikwenda bila dosari. Maana yake ni kwamba dosari ilipotokea, ilikuwa na kipimo kinachofahamika na mtu wa kawaida.

Linganisha na taarifa zinazobandikwa katika baadhi ya mbao za matangazo: jedwali la vifungu vya bajeti kwa tarakimu ndogo, lugha ya kihasibu na jumla isiyotaja kijiji wala mradi. Taarifa ya namna hiyo imetimiza agizo la kutangaza, lakini haijamjulisha mtu. Mwananchi wa kata hahitaji jumla ya makusanyo ya halmashauri nzima kabla hajajua kiasi kilichopelekwa katika zahanati yake, tarehe kilipopelekwa, kilichonunuliwa na kilichobaki.

Ripoti ya CAG inapofika kijijini

Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) huwasilisha ripoti yake kwa Rais, na Rais huagiza iwasilishwe bungeni. Kwa kawaida hilo hufanyika Machi na Aprili kila mwaka, na ipo ripoti inayohusu serikali za mitaa peke yake. Kwa siku kadhaa vyombo vya habari hujaa matokeo ya ukaguzi, kisha habari nyingine huchukua nafasi. Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) huendelea na kazi ya kuwahoji watendaji, lakini hatua hiyo ya pili, ambayo ndiyo yenye majibu, mara nyingi haipewi uzito uleule.

Inapotokea mjadala ukadumu, matokeo huonekana. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ripoti za CAG ziliibua udhaifu katika utoaji na urejeshaji wa mikopo hiyo. Aprili 2023, wakati ripoti ya mwaka wa fedha 2021/22 ikiwa inajadiliwa ndani na nje ya Bunge, Serikali ilitangaza kusitisha utaratibu uliokuwapo ili kutafuta ulio bora zaidi, na mwaka 2024 mikopo ikarejeshwa kwa mwongozo mpya. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa vikundi vilivyokuwa vinarejesha vizuri navyo vilisubiri. Vikundi hivyo vingekuwa na mtetezi mzuri kama kila halmashauri ingekuwa imetangaza mapema, kata kwa kata, nani alikopa, nani alirejesha na nani hakurejesha.

Yapo pia mambo ambayo wananchi wanapaswa kuelezwa kwa usahihi zaidi. Halmashauri kupata hati inayoridhisha haina maana kwamba hakuna fedha iliyopotea. Maana yake ni kwamba taarifa za fedha ziliandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi ya hesabu. Vilevile, hoja ya ukaguzi si hukumu. Inaweza kufungwa kwa kuwasilisha risiti au stakabadhi iliyokosekana siku ya ukaguzi, na inaweza pia kufunguliwa uchunguzi na Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU). Mwandishi anayeandika kuwa mtendaji fulani ameiba, wakati mkaguzi ameandika kuwa malipo hayana viambatisho, anamtendea mtendaji dhuluma na kumpotosha msomaji. Akiishia hapohapo bila kufuatilia kama viambatisho vilipatikana, amemwachia mwizi halisi mlango wa kutokea.

Vyombo vya habari navyo viwajibike

Uwajibikaji hauwezi kuwa wa upande mmoja. Redio za jamii, kama zilizopo Sengerema, Pangani, Karagwe na Micheweni, zimeleta kipaza sauti karibu na wananchi kwa lugha na mazingira wanayoyafahamu. Ukaribu huo ndio nguvu yake, na ndio udhaifu wake pia. Kituo kidogo kinachotegemea matangazo ya halmashauri, ya mfanyabiashara mmoja au ya mwanasiasa anayetaka kugombea, huona ugumu wa kumuuliza mfadhili wake swali zito. Mwandishi anayekwenda kukagua mradi kwa gari la halmashauri na kurudi na bahasha hawezi kudai kuwa amekwenda kwa niaba ya wananchi. Habari ya namna hiyo huitwa ya maendeleo, lakini msikilizaji huitambua baada ya sentensi mbili, na siku kituo hicho kitakapotangaza jambo la kweli, hakitaaminiwa.

Upo pia upotoshaji wa kinyume chake, wa kituo au ukurasa wa mtandaoni kukodishwa ili kumchafua diwani au mwenyekiti kabla ya uchaguzi. Dawa ya uvumi wa aina hiyo haijawahi kuwa kufunga mdomo wa kila mtu. Uvumi huota mahali penye pengo la taarifa. Kijiji ambacho taarifa ya mapato na matumizi husomwa kila baada ya miezi mitatu, na muhtasari wake ukabandikwa ukutani, ni vigumu kukidanganya kuwa mwenyekiti amekula fedha za kisima, kwa sababu wanakijiji wenyewe wanajua kiasi kilichoingia na bomba zilizonunuliwa.

Ni kweli kwamba uhusiano kati ya mamlaka za umma na vyombo vya habari nchini umepitia vipindi vigumu. Magazeti kadhaa yalifungiwa katika miaka iliyopita, na Februari 2022 manne kati yake yalirejeshewa leseni. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023 baada ya majadiliano na wadau wa sekta. Mabadiliko ya sheria hufungua mlango wa mbele. Mwandishi wa wilayani hukutana na mlango mwingine, ule wa ofisi ya mtendaji, na huo hufunguliwa au kufungwa na mazoea kuliko na sheria.

Nini kifanyike

Hatua zinazohitajika hazidai fedha nyingi. Ya kwanza ni kwa halmashauri na vijiji kutoa taarifa kwa kipimo kinachoeleweka: mradi mmoja, kiasi kimoja, tarehe moja, jina la mkandarasi au kamati iliyosimamia. Ubao wa mradi usimame mahali mradi ulipo, pamoja na mahali zilipo ofisi. Taarifa ileile isomwe redioni kwa Kiswahili cha kawaida na iwekwe kwenye tovuti ya halmashauri kabla haijapitwa na wakati.

Ya pili inawahusu maafisa habari wa mikoa na halmashauri. Kazi yao imezoeleka kuwa kupiga picha za ziara na kuandika hotuba ya mgeni rasmi. Kazi hizo zina nafasi yake, lakini afisa habari ni mtumishi wa umma kabla hajawa msemaji wa mkuu wake. Mwandishi anapouliza swali la fedha, afisa huyo ndiye anayepaswa kuifuata idara ya fedha na kurudi na jibu ndani ya muda. Jibu linalochelewa hadi baada ya habari kuchapishwa huitwa kanusho, na kanusho halina nguvu ya jibu la awali. Mkurugenzi anayempa afisa habari wake nafasi katika vikao vya menejimenti na ruhusa ya kusema ukweli usiopendeza anajijengea akiba ya kuaminiwa, ambayo ataihitaji siku ya mgogoro.

Ya tatu inawahusu waandishi na wahariri. Habari ya ukaguzi iwe na mwisho. Kama hoja iliandikwa Aprili, iulizwe tena Oktoba: imefungwa, au bado? Mtendaji aliyetuhumiwa na kusafishwa apewe uzito uleule aliopewa siku ya tuhuma. Kiongozi aliyefanya vizuri aandikwe kwa takwimu, kwa kuwa sifa zisizo na takwimu nazo ni uvumi.

Ya nne, na iliyo nzito kuliko zote, inamhusu mwananchi mwenyewe. Mkutano Mkuu wa Kijiji usipofikisha akidi, taarifa husomwa kwa viti vitupu au haisomwi kabisa. Haki ya kuomba taarifa isipotumika, hubaki katika vitabu vya sheria. Mwananchi anayeona dalili za rushwa anaweza kuwasiliana na TAKUKURU kwa namba 113 bila malipo, na anayenyimwa taarifa anaweza kuandika barua, akabaki na nakala yenye tarehe na kuhesabu siku 30. Barua moja yenye tarehe ina uzito kuliko malalamiko ya mwaka mzima kijiweni.

Wakati wa kufanya hivyo

Wenyeviti waliochaguliwa Novemba 2024 watarudi mbele ya wananchi mwaka 2029. Baadhi yao watakuwa wamejenga madarasa, wamesimamia visima na wamelinda mapato ya minada na mazao. Wengine watakuwa wamefanya kinyume. Iwapo katika miaka hiyo hesabu zitakuwa hazijasomwa, redio haijauliza na ubao wa matangazo umebaki na karatasi ya mwaka juzi, mpiga kura hatakuwa na njia ya kuwatofautisha. Atachagua kwa undugu, kwa kofia na fulana, au hatakwenda kabisa kituoni, akiamini kuwa wote ni walewale.

Hasara hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kuliko fedha yoyote inayoweza kutajwa katika ripoti ya ukaguzi. Kijiji kinachomchukulia kiongozi wake mwaminifu kama mwizi kitashindwa kumpata mwingine mwaminifu wa kugombea. Ndiyo maana taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka hii inastahili kusomwa katika mkutano wa robo mwaka hii, mbele ya wananchi na mbele ya mwandishi yeyote atakayehudhuria, bila kusubiri kuulizwa.